Mkaa wa mifupa uliisha kabla ya ruzuku: uchambuzi wa kisa cha floraidi Mlima Meru

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja chenye kaya zipatazo 600 kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, na mradi wake wa ruzuku wa kuondoa floraidi, chumvi ya miambani inayoyeyuka majini, kwa kichujio cha mkaa wa mifupa. Jina la kijiji, la shirika lililoomba fedha na la mfadhili yameondolewa. Vipimo na bei vimekadiriwa ili kijiji kisitambulike, ila uwiano wake umebaki ulivyokuwa. Mimi niliingia mwishoni, kufanya tathmini. Ninayoyaeleza nimeyatoa kwenye daftari la mauzo, mihtasari ya vikao na maneno ya waliokuwepo. Nimewaandikia hasa viongozi wa vyombo vya watumia maji, wahandisi wa wilaya na mashirika madogo yanayokesha yakijaza fomu za kuomba ruzuku.

Maji yenyewe, na kiwango kilichobadilika

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inatoa floraidi. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Meru yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi ikajitenga na maji. Kwa hiyo floraidi inabaki imeyeyuka humo humo. Maziwa ya Momella, upande wa mashariki wa mlima, yamepimwa na kukutwa na mamia ya miligramu kwa lita. Kisima cha kijiji chetu kilikuwa na miligramu 7 hivi, na kwa ukanda ule hicho si kiwango cha kushangaza.

Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, meno huota na madoa ya kahawia, na mengine humomonyoka. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: matege, viungo kukakamaa, mgongo usioinama. Ubaya wa floraidi ni kwamba haionekani, hainuki, na kwa kiwango hicho mnywaji haisikii mdomoni. Kuchemsha hakusaidii; kunaongeza, kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Klorini haiigusi.

Kuna jambo la kisheria ambalo wageni hawalielewi upesi. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini Tanzania, kwa sababu bila hivyo vyanzo vingi vya kaskazini vingepaswa kufungwa na watu wangerudi kwenye mito na madimbwi. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na leo ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kisima cha kijiji kilichimbwa enzi za 8. Siku kinazinduliwa, na ngoma na hotuba, kilikuwa halali kabisa. Maji hayakubadilika hata tone, ila kijiji kiliamka na kukuta kinakunywa mara nne na zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, na chombo chao cha watumia maji, kilichoanzishwa vizuri na kusajiliwa, kimekuwa muuzaji wa maji yasiyofaa. Wazee wengine walidhani ni njama ya kuwanyang'anya kisima. Sioni cha kuwalaumu.

Fedha na masharti yake

Shirika dogo la mkoani liliona tangazo la taasisi moja ya nje: ruzuku ya kuondoa vichafuzi katika maji ya kunywa kwa jamii ndogo zenye kipato duni. Jamii isizidi watu 5,000. Muda miezi 18. Mchango wa jamii asilimia 10, ungeweza kuwa nguvu kazi, mchanga na kokoto. Ufuatiliaji na upimaji usizidi asilimia 5 ya bajeti. Gharama za uendeshaji, kama umeme, mishahara na vitu vinavyotumika vikaisha, hazilipwi.

Sharti hilo la mwisho ndilo kisa chote, na si la mfadhili huyu peke yake. Hata Marekani, ambako sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka 5 kushughulikia vichafuzi vipya katika jamii ndogo au zenye hali duni (ndogo ikiwa ni ile isiyofika watu 10,000), fedha za mfuko wao mkuu wa mikopo ya maji ya kunywa haziruhusiwi kulipia uendeshaji. Hoja ya wafadhili inaeleweka: sisi tunajenga, ninyi mnaendesha. Kwa bomba na tangi hoja hiyo inasimama, kwa kuwa bomba likishafukiwa hudumu miaka mingi bila kudai kitu. Kichujio cha floraidi kinadai kila siku, kwa kila ndoo inayopita.

Njia zilizokuwa mezani

Timu ilipima njia tano. Mitambo ya kuchuja kwa utando na shinikizo huondoa sehemu kubwa ya floraidi, lakini hutaka umeme wa uhakika na humwaga sehemu ya maji kama taka, jambo gumu kulitetea mbele ya watu wanaopanga foleni kiangazi. Alumina iliyoamilishwa hufanya kazi vizuri maji yakiwa na uasidi kidogo; maji ya Meru yana magadi, na magadi hayo hugombania nafasi na floraidi. Shabu na chokaa, kwa mtindo wa Nalgonda ulioanzia India, vilionekana rahisi, ila maji yanapokuwa na miligramu 7 ni shida kufika chini ya 1.5 bila kurundika shabu nyingi na matope yasiyo na pa kutupwa.

Zilibaki mbili. Mkaa wa mifupa, ambao Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji kimeufanyia kazi kwa miaka mingi papo hapo mkoani, na chemchemi iliyo kilomita kadhaa juu ya kijiji, yenye floraidi ya nusu miligramu. Chemchemi ilikataliwa mapema. Mhandisi alipiga hesabu ya kuhudumia kijiji chote kwa matumizi yote, akapata bomba kubwa, gharama iliyopita ukomo wa ruzuku, na kijiji cha juu kisichotaka kusikia habari ya kugawana maji ya mifereji yake. Basi mkaa wa mifupa ukashinda. Shule ya msingi ikaongezwa matangi ya kuvuna maji ya mvua, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya "makundi maalumu" na ingekuwa vibaya kuiacha wazi.

Mkaa huo hutengenezwa kwa kuchoma mifupa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto la nyuzi 400 hadi 600 hivi, kisha kuusaga chengachenga na kuuosha. Ukichomwa pungufu, maji hutoka na harufu na rangi ya chai. Ukichomwa kupita kiasi unakuwa mweupe kama jivu na uwezo wake wa kushika floraidi hushuka. Ukichomwa sawasawa, floraidi huingia kwenye madini ya mfupa na kubaki humo, mpaka nafasi ziishe.

Mifupa na imani

Sehemu hii ilifanywa vizuri kuliko zote, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa miradi ya namna hii imekwama hapa.

Kabla ya kununua hata kilo moja, mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao cha shehe, wachungaji wa makanisa mawili, wazee wa mila na akina mama wa vikoba. Mtaalamu hakuanza na kemia. Alifungua gunia la mkaa, akaupitisha mikononi mwao, akasema wazi kwamba hii ni mifupa. Shehe akauliza maswali mawili ambayo kila mtu alikuwa nayo moyoni: ni mifupa ya mnyama gani, na alichinjwa vipi? Timu haikuwa na jibu la uhakika, na badala ya kubuni ilikubali hivyo na kuahirisha kikao. Waliporudi walikuja na makubaliano ya maandishi: mifupa ya ng'ombe tu, kutoka machinjio moja inayotambuliwa, na shehe na mchungaji mmoja waalikwe kwenda kuona mifupa inapopokelewa na tanuri linapowashwa. Walikwenda. Siku ya ufunguzi wote wawili walikunywa glasi ya kwanza hadharani.

Bibi mmoja alibaki na msimamo wake kwamba hawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya wafu, wawe ng'ombe wawe watu. Hakulazimishwa. Wajukuu wake walitumwa kuchota.

Makubaliano hayo yalipandisha bei ya mkaa, maana machinjio moja haina ushindani. Kwa maoni yangu gharama hiyo ilikuwa halali. 

Mambo yalivyokwenda

Miezi 6 ya mwanzo ilikwenda kwenye vikao, ujenzi na usimikaji. Mwezi wa 7 kituo cha kuchotea kikafunguliwa kikiwa na mabomba mawili: la bluu la kunywa na kupikia, maji yaliyopita kwenye mkaa, shilingi 80 kwa ndoo ya lita 20; na jeusi la kufulia, kuogea na mifugo, maji ya kisima kama yalivyo, shilingi 30. Kutenganisha mabomba ulikuwa uamuzi wa busara sana. Kaya hunywa na kupikia ndoo moja kwa siku. Kuchuja maji ya kumnyweshea ng'ombe ni kuchoma fedha.

Matangi yalijazwa kilo 1,450 za mkaa. Andiko la kuombea ruzuku lilisema zingetosha mwaka mmoja, na hesabu ilikuwa hivi: kilo moja inashika gramu 6 za floraidi, kila lita inapunguzwa kutoka miligramu 7 hadi 1, yaani inaacha miligramu 6, basi kilo moja inasafisha lita 1,000. Mauzo yakadiriwe lita 4,000 kwa siku. Kilo 4 kwa siku, mwaka umepatikana.

Tarakimu ya gramu 6 ilitoka kwenye jaribio la maabara lililofanywa kwa maji yaliyotengenezwa, safi, yasiyo na magadi. Kwa maji ya kisima chenyewe mkaa ulishika kama nusu yake, gramu 3. Kilo moja ikawa inasafisha lita 500.

Mauzo nayo yalipita makadirio. Mama lishe wa sokoni waligundua chai inatoka vizuri zaidi. Bodaboda wakaanza kupakia madumu kwenda kijiji jirani. Kituo kikawa kinauza lita 5,000 kwa siku, na ripoti ya robo mwaka ikayaandika hayo kwa furaha, maana kiashiria cha mfadhili kilikuwa "lita zilizosafishwa na kuuzwa". Kilo 1,450 mara lita 500 ni lita 725,000. Gawanya kwa 5,000: siku 145. Mkaa uliochukuliwa kuwa wa mwaka mzima ulichoka kabla ya mwezi wa tano wa mauzo kwisha, yaani mwezi wa 11 wa mradi, au wa 12 ukihesabu kwamba haukatiki ghafla bali unalegea pole pole.

Hakuna aliyejua. Sampuli zilikuwa zinapelekwa maabara ya mkoa kila baada ya miezi 3. Ya kwanza ilikuwa nzuri, chini ya miligramu 1. Ya pili iliahirishwa kwa kuwa asilimia 5 ya ufuatiliaji ilikuwa imekula mafuta ya gari na posho za uzinduzi. Mwezi wa 14 mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alifika na kipimo cha mkononi, akapima bomba la bluu akiwa anajifunza tu. Kikasoma miligramu 5. Akadhani kipimo kibovu, akarudia. Akapima bomba jeusi: 7. Kwa miezi kama miwili watu walikuwa wakilipa karibu mara tatu ya bei kwa maji ambayo hayakuwa na tofauti kubwa na yale ya kufulia.

Uamuzi mgumu: kufunga bomba

Kamati ilikaa usiku huo huo. Kwa mujibu wa muhtasari, hoja zilikuwa mbili. Mhazini alisema wakifunga watu hawatarudi, na bila mauzo hakuna fedha ya mkaa mpya. Waendelee kimya kimya huku wakitafuta mkaa. Katibu, mama mwenye watoto wadogo, alisema atakayeendelea kuuza ataulizwa na yeye kwanza. Mwenyekiti wa chombo akaamua: bomba la bluu lifungwe asubuhi, na tangazo lisomwe msikitini, makanisani na kwenye mnada.

Lilisomwa, pamoja na tarehe ambayo mkaa ulikadiriwa kuisha. Wengine walidai warudishiwe fedha. Kamati haikuwa nazo, ikatoa badala yake ndoo mbili za bure kwa kila kaya siku bomba litakapofunguliwa. Fidia yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichosaidia ni kwamba habari ilitoka kwa kamati kabla ya kutoka kwa bodaboda.

Shirika lilimwandikia mfadhili kuomba kuhamisha fungu la mafunzo lililobaki linunue mkaa. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mkaa ni gharama ya uendeshaji. Shirika likajibu kwa hoja niliyoipenda: mkaa wa kwanza ulinunuliwa kama sehemu ya mtambo, na mtambo ulisanifiwa kwa tarakimu isiyo sahihi, kwa hiyo kilo za ziada ni marekebisho ya usanifu. Mfadhili akakubali, kwa sehemu. Ruhusa ilipofika, wiki chache tu zilikuwa zimesalia kwenye mkataba. Mkaa ulinunuliwa, bomba likafunguliwa, ruzuku ikafungwa.

Bei ya ndoo

Hapa ndipo kisa kinapouma. Kilo ya mkaa, pamoja na usafiri na masharti ya machinjio moja, iliwafikia kijijini kwa takriban shilingi 2,500. Andiko lilidhani kilo moja ni ndoo 50. Shilingi 50 kwa ndoo, jumlisha 30 ya maji ya kisima, 80. Kwa hali halisi kilo moja ni ndoo 25: shilingi 100 kwa ndoo kwa mkaa peke yake, na ukijumlisha maji na posho ya muuzaji huwezi kushuka chini ya 150.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kila ndoo iliyouzwa kwa 80 ilikuwa inakula mtaji. Mafanikio ya mauzo yaliharakisha anguko. Chombo kilikuwa na akiba benki na kilijiona tajiri, kumbe akiba ile ilikuwa ni mkaa uliogeuzwa shilingi kwa bei ya hasara.

Baada ya ruzuku kamati ilipandisha bei hadi 150. Mauzo yalishuka chini ya nusu. Waliobaki ni wenye maduka, walimu na mama lishe. Kaya maskini zilirudi bomba jeusi. Ruzuku iliyokusudiwa wanyonge ikawa imewajengea wenye nafuu kituo cha maji mazuri. Miezi michache baadaye kamati ilibuni kadi: kaya yenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 8 inachota lita 10 kwa siku kwa bei ya zamani, na wafanyabiashara wanalipa 200. Ipo hivyo mpaka nilipofanya tathmini. Fedha zinakaribia kulingana, si zaidi ya hapo.

Uchambuzi

Nianze na umri, jambo ambalo andiko zima halikuligusa. Gamba la meno ya ukubwani hujengeka tangu utotoni kabisa hadi karibu miaka 8, na meno ya mbele, yanayoonekana mtu akicheka, hupata madhara yake katika miaka michache ya kwanza. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, meno hayo yameshaamuliwa. Matangi ya shule, yaliyopigwa picha nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi, yanawafikia watoto kwa kuchelewa kwa upande wa meno, ingawa yanawasaidia sana kwa upande wa mifupa. Mahali pa kuanzia palikuwa kliniki ya mama na mtoto: maji ya uji wa mtoto wa miezi 6, lita chache tu kwa siku. Kadi za kamati zilifika huko, lakini kwa njia ndefu.

Pamoja na hayo, matangi yenyewe ndiyo sehemu ya mradi isiyodai mengi. Paa la mita za mraba 400, mvua ya milimita 700 na upotevu wa sehemu ya tano huleta lita 224,000 kwa mwaka. Wanafunzi 500 wakinywa lita moja kila siku ya masomo, siku 194, wanahitaji lita 97,000. Swali ni kuvuka kiangazi cha Juni hadi Oktoba, siku za masomo kama 85, yaani lita 42,500. Matangi ya lita 50,000 yanatosha, mradi mtu asiyafungulie kumwagilia bustani ya mwalimu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhofia. Yanataka mifereji safi, maji ya mwanzo ya mvua yamwagwe, na klorini kidogo. Kitu kilichoongezwa kwa ajili ya kupamba fomu ndicho kilichobaki kikifanya kazi bila mtu kukikimbilia.

Chemchemi nayo ilikataliwa kwa hesabu isiyo yake. Mhandisi aliuliza bomba la kuhudumia kila kitu. Angeuliza la kunywa na kupikia tu, kaya 600 kwa lita 20 ni lita 12,000 kwa siku, sawa na lita 0.14 kwa sekunde. Bomba la milimita 32 linayabeba kwa mteremko bila pampu. Kumwomba mwenye mfereji kiasi hicho ni mazungumzo tofauti kabisa na kumwomba nusu ya mto. Kuchanganya maji ya vyanzo viwili, wazo ambalo hupendwa kwenye semina, hakungefaa: ili kushuka kutoka 7 hadi 1.5 kwa maji yenye 0.5, karibu asilimia 85 ya mchanganyiko lazima itoke kwenye chemchemi, na hapo kisima kinabaki mapambo. Timu ilitenganisha mabomba kituoni kwa akili nyingi, ila haikulibeba wazo hilo hilo hadi kwenye chanzo.

Kuhusu kiashiria, sina lugha ya upole. Kupima mafanikio ya kichujio kwa lita zilizouzwa ni kumlipa muuzaji amalize mkaa upesi. Kiashiria kilipaswa kuwa lita zilizotoka zikiwa chini ya 1.5, na hicho hakipimiki bila kipimo kijijini. Kipimo cha mkononi na kemikali zake vingenunuliwa kwa sehemu ndogo ya gharama za sherehe ya uzinduzi, na muuzaji wa maji, dada wa kidato cha nne, alijifunza kukitumia asubuhi moja mwanafunzi yule alipomwonyesha. Tangu kadi zianze anapima kila Jumatatu na kuandika kwa chaki ubaoni. Watu wanasoma ubao kabla ya kutoa dumu. Mita ya maji nayo inasaidia: ukijua lita 500 kwa kilo, unajua mkaa utaisha lita ya ngapi, na agizo jipya linatumwa kabla.

Mkaa uliochoka ulirundikwa nyuma ya kituo na watoto waliuchezea kama mchanga. Unaweza kuoshwa kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ukarudishwa kazini mara kadhaa, ingawa uwezo hushuka na maji ya kuoshea yanakuwa na floraidi nyingi, nayo yanataka pa kwenda. Bajeti haikuwa na mstari wa taka hata mmoja.

Na magadi. Akina mama wengi wa kijiji hulainisha makande na maharage kwa magadi, na magadi ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Kaya inaweza kununua ndoo ya shilingi 150 kisha ikairudisha floraidi chunguni kwa kijiko. Kuloweka maharage usiku kucha hakuna gharama. Fungu la mafunzo, lile lililotaka kuhamishwa, lilikuwa na semina tatu za utawala bora na hakuna hata moja iliyofanyika jikoni.

Andiko la pili limeshaandikwa, kwa mfadhili mwingine, na kamati ilisisitiza kushika kalamu wenyewe. Linaomba bomba la milimita 32 kutoka chemchemi, kwa kiasi kilichotajwa, pamoja na barua ya kijiji cha juu inayotaka badala yake birika la kunyweshea mifugo lijengwe upande wao. Mkaa unabaki kama akiba ya miezi ya ukame, kilo 700, umepigiwa hesabu kwa gramu 3. Kwenye ukurasa wa bajeti, mstari wa kwanza ni kipimo cha floraidi na kemikali za miaka 3, na wa pili ni birika.